Mwaka mmoja bila piko: shajara ya kuchanganya mvi

14 Januari 2024

Piko ya mwisho, ile rangi nyeusi ya nywele, nilipaka tarehe 30 Desemba, usiku wa kuamkia harusi ya mtoto wa wifi yangu. Asubuhi masikio yamevimba, nyuma ya sikio la kushoto panatoa maji, paji la uso linawasha kama nimepakwa upupu. Harusini nilikwenda na mtandio nimeushusha hadi kwenye nyusi. Watu wakadhani nimezidisha heshima.

Daktari alipoona tu akauliza ninapaka nini kichwani. Nikamwambia nimepaka piko miaka kumi na moja, kila baada ya wiki mbili au tatu, na haijanidhuru hata siku moja. Akasema mzio wa kitu hiki ndivyo unavyokuja: mwili unavumilia, unavumilia, siku moja unakataa, na ukishakataa haurudi nyuma. Kitu chenyewe ni parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Ndicho kinachotia weusi kwenye piko ya unga, kwenye ile wanayoiita hina nyeusi, na kwenye rangi nyingi za saluni zinazodumu. Nikamuuliza kuhusu zile zilizoandikwa hazina amonia. Akasema amonia ni jambo jingine. Rangi yaweza kukosa amonia ikawa na PPD au nduguye.

Basi. Nina miaka 49, nywele za asili zisizo na dawa tangu 2019, nikizivuta zinafika sentimita 18, zote nyeusi tii isipokuwa uzi mwembamba mweupe unaochungulia kwenye mizizi. Nimepima kwa futi yangu ya kushonea: milimita 4.

Naandika kwa sababu mimi ni fundi cherehani na nisipoandika vipimo nasahau. Ninachotaka ni hiki: sitaki kuficha mvi tena, na sitaki kuonekana kama mtu aliyevaa kofia nyeupe ndogo juu ya wigi jeusi. Msusi wangu anasema hilo lina jina, kuchanganya mvi, na kwamba wateja wake wa nywele laini wanapigiwa hailaiti, yaani vishungi vichache vinang'arishwa kwa blichi, hadi mstari unapotea. Kwa nywele kama zangu zilizolala na piko miaka yote hii, akatikisa kichwa.

21 Januari

Nimehesabu. Kwa vioo viwili na subira ya mchana mzima wa Jumapili, nimetenga kishungi kidogo kila sehemu na kuhesabu nywele mia moja kwenye mizizi. Panja la kushoto: 61 nyeupe. Utosini: 28. Kisogoni: 9.

Ina maana mimi sina "kichwa cha mvi". Nina vichwa vitatu. Kisogo ni cha msichana, panja ni la bibi.

Jambo jingine nililoliona, na lilinishangaza ingawa nimeshika vitambaa maisha yangu yote: hakuna unywele wa kijivu. Kila unywele ni mweupe au ni mweusi, michache tu iko katikati, imeanza kufifia. Shina la unywele linapoacha kutengeneza melanini, unaota mweupe. Kijivu kinatengenezwa na jicho la anayetazama. Ni kama kitambaa cha suruali kilichofumwa kwa uzi mweusi na uzi mweupe: kwa mbali kijivu, ukikisogeza kwenye sindano ni nyuzi mbili. Kwa hiyo kijivu ni hesabu. Kama ni hesabu, naweza kuicheza.

Na piko niliyokuwa nikipaka ilikuwa nyeusi kuliko nywele nilizozaliwa nazo. Nimelinganisha na picha yangu ya kidato cha nne: nywele zangu zilikuwa na ukahawia juani. Weusi ule wa piko hauna hata chembe ya ukahawia, ndiyo maana kila unywele mweupe unaoota chini yake unapiga kelele.

3 Februari

Mizizi: milimita 9.

Nimeanza majaribio, lakini si kichwani. Hakuna fundi anayekata kitambaa cha mteja kabla ya kujaribu kwenye kipande. Tatizo, nywele zangu nyeupe ni fupi mno kuzikata. Nikaenda kwa mama yangu, Chumbageni, Tanga. Kichwa chake ni cheupe chote, na kwa mwezi hivi alikuwa ananiwekea zinazobaki kwenye chanuo.

"Mwanangu, nywele zangu unazipeleka wapi?"

Nikamwambia nazipaka rangi. Akacheka hadi akakohoa. "Mimi nakaa hapa, nywele zangu zinakwenda saluni."

Nimezifunga vicha sita kwa uzi, kila kimoja na kikaratasi chenye namba. Cha sita ni cha nywele zangu mwenyewe zenye piko.

Kicha 1, hina peke yake, saa tatu: karoti. Baada ya siku mbili ikatulia ikawa shaba, lakini shaba ya kung'aa. Wazee wa msikitini wanapaka ndevu hivi na zinawapendeza, na masheikh wengi wanawaambia hina ni bora kuliko weusi mtupu. Panjani kwangu itakuwa moto.

Kicha 2, kijiko cha hina kwenye kikombe cha mtindi, nusu saa: rangi ya mgongo wa mkate wa kumimina. Si mbaya.

Kicha 3, hina kwanza, kisha nili juu yake: nyeusi yenye ubuluu. Nimerudi nilikotoka.

Kicha 4, hina sehemu moja na nili sehemu mbili zikichanganywa pamoja, dakika 45: ilipotoka ilikuwa kijani kama ukoka, nikaitupa kwenye kikapu. Siku ya tatu nilipoiokota ilikuwa kahawia nzuri ajabu. Nili hukolea kwa hewa, inahitaji siku mbili tatu. Hii ndiyo.

Kicha 5, kahawa nzito: imetoka yote kwa kuoshwa mara moja. Mitandaoni wanaisifu sana.

Kicha 6, blichi juu ya nywele zangu za piko: hili nitaliandika peke yake.

(Nili yenyewe nilisumbuka kuipata. Duka la kwanza niliomba nili, muuzaji akanipa buluu ya kufulia. Hakukosea, kwa Kiswahili chetu zote ni nili. Ile ya nywele ni majani ya mnili yaliyosagwa, unga wa kijani, kwenye pakiti imeandikwa Indigofera tinctoria na hakuna kingine. Hina nayo isome hivyo hivyo: Lawsonia inermis, basi. Jani la hina halina weusi ndani yake. Ukiona hina inayotoa weusi kwa dakika kumi, kuna mkono wa mtu.)

Kila mchanganyiko niliupaka kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, nikaacha siku mbili. Mtu mwenye mzio wangu asiruke hapo.

10 Februari

Kicha 6. Wazo la saluni lilikuwa kunyanyua ule weusi kwa blichi ili ncha zikutane na mvi katikati. Msusi akanichanganyia kidogo. Baada ya nusu saa, upande wa mizizi umekuwa chungwa, katikati nyekundu ya matofali, nchani weusi haujashtuka. Piko niliyorudiarudia imelala matabaka, mahali pengine mara tano, mahali pengine mara ishirini. Nikavuta unywele mmoja uliolowa: ukanyooka kama mpira, ukakatika.

"Unaona, dada yangu?" akasema. "Ndiyo maana nilitikisa kichwa."

Kuna jambo la kazi yao alilonieleza ambalo wateja wengi hawalijui: rangi mpya haiwezi kung'arisha rangi ya zamani. Kama umepaka nyeusi, kupaka kahawia juu yake ni kupoteza hela. Lazima ya kwanza itolewe kwa blichi, au ikatwe. Nywele zetu za kujikunja ni dhaifu kwenye kila kona, kwa hiyo kwangu jibu ni mkasi. Si leo. Mkasi ni jibu la mwisho, kabla yake kuna miezi ya kupitisha.

2 Machi

Mizizi: sentimita 1.7. Mstari sasa unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Leo nimepaka kichwani kwa mara ya kwanza, na nimeharibu.

Mpango ulikuwa mzuri. Sipaki mvi zote. Nachukua kishungi chembamba, naruka viwili, nachukua kimoja, kama ninavyopiga bandi kabla ya kushona: sindano inaingia, inaruka, inaingia. Vishungi vilivyochukuliwa vinapata kahawia ya kicha namba 4, navikunja kwenye vipande vya nailoni visigusane na vingine. Vilivyorukwa vinabaki vyeupe. Badala ya ukuta mweupe chini ya ukuta mweusi, mizizi inakuwa na nyuzi mbili, na jicho linakosa pa kushika.

Kumbe nimeshachanganya, mteja akabisha hodi, anataka kujaribu gauni la kuvunja jungu. Ramadhani inabisha, kila mtu anataka nguo. Nikambana pini, nikamsikiliza habari za mumewe, ikapita saa nzima. Nili ikishatiwa maji haikai, baada ya robo saa hivi nguvu yake inaanza kupungua. Niliporudi nikaipaka hivyo hivyo kwa uchoyo, naona hasara kuitupa. Hina ikafanya kazi, nili ilikuwa imekufa. Na kwa kuwa rojo lilikuwa limelainika, likavuja kutoka kwenye nailoni likatapakaa mbele yote.

Nina ukingo wa chungwa kutoka panja hadi panja. Binti yangu kaniita jogoo.

5 Machi

Imerekebishika. Nili mpya, imekorogwa na chembe ya chumvi, imepakwa papo hapo juu ya lile chungwa tu kwa dakika 20. Leo, siku ya pili, ni kahawia iliyokolea. Imekolea kuliko nilivyotaka na imekula mvi ambazo nilitaka zibaki, ila si moto tena. Najifunza kwa kichwa changu.

14 Aprili

Idi imepita. Mwezi mzima sikugusa nywele, nilishona hadi usiku wa manane na mvua inapiga bati kama inadai kodi. Mizizi: sentimita 2.9.

Ile kahawia ya Machi imesogea mbali na ngozi, na chini yake mvi mpya zimeota safi. Cha ajabu ni kwamba kuharibu kule kumesaidia. Sasa kuna ngazi: nyeupe na nyeusi za asili kwenye mizizi, kisha kahawia, kisha weusi wa piko. Weusi haukutani na weupe uso kwa uso.

27 Aprili

Kwa miezi ya katikati msusi amekuja na wazo ambalo naona ni la kwetu kuliko hailaiti zote: rasta, zile nywele bandia za kusukia. Kuchanganya mvi kwa mkono, bila kupaka kitu.

Tumenunua paketi tatu za 1B, ambayo ni nyeusi iliyopoa kidogo, si ile namba 1 kali, na paketi mbili za kijivu. Hakunisuka rangi mbili mistari mistari kama zebra, jambo ambalo nimewaona nalo wengi. Alikuwa anavuta nyuzi kidogo kutoka kila paketi, anazipitisha mikononi mara kadhaa hadi hujui ipi ni ipi, ndipo anasokota. Panjani alichanganya nusu kwa nusu. Kufika utosini kijivu kimepungua kuwa kama robo. Kisogoni 1B tupu. Nilikuwa nimempa zile hesabu zangu za Januari, 61, 28, 9, akazicheka, halafu akazifuata.

Mambo mawili ya kuandika nisisahau. Rasta tuliziloweka usiku kucha kwenye maji na siki, na asubuhi juu ya beseni kulikuwa na utando mweupe. Huenda utando huo ndio huwawasha wengi wakidhani wamesukwa vibaya. Na panjani nilimwomba asikaze. Nywele za panja ndizo za kwanza kung'oka kwa kuvutwa, na mvi zangu nyingi ziko hapo. Nikizipoteza, mradi umekwisha.

Saa sita kwenye kigoda. Elfu 25 ya kusuka, rasta elfu 15.

11 Mei

Stendi ya bajaji, kijana: "Shikamoo bibi." Nikamjibu marahaba kabla sijafikiri. Akanipisha kiti cha nyuma, yeye akaning'inia na dereva. Nimelifikiria jambo hili hadi Ngamiani na bado sijajua kama nimekasirika.

Mteja mmoja, yeye hakuzunguka: "Fundi, umezeeka lini?" Mwingine siku hiyo hiyo akataka kujua rasta hizo zinauzwa wapi.

1 Juni

Nimefumua. Wiki tano zinatosha. Mizizi: sentimita 4.2. Nywele ziko salama, zimekatika chache.

Lakini mvi za mbele zina umanjano. Sikuuona chini ya rasta. Nimeufuatilia kama doa kwenye kitambaa cheupe: sababu ya kwanza naona ni mafuta yangu ya kopo, yale ya manjano, unywele mweupe hauna rangi ya kuyaficha. Ya pili ni maji ya kisima chetu, yenye chumvi, yanayoacha ukoko hata kwenye sufuria. Nimehamia mafuta ya nazi, na maji ya mwisho ya kusuuza ni ya mvua, nina pipa zima.

Mama, nilipomweleza, akanipa jibu la dobi: "Tia buluu." Amesema kweli bila kusoma popote. Buluu haing'arishi shuka, inaficha umanjano kwa rangi iliyo kinyume chake. Shampuu za zambarau zinazouzwa kwa wenye mvi zinafanya hivyo hivyo. Ya kufulia siitii kichwani. Nimenunua ya zambarau ndogo, naichanganya na ya kawaida mara moja kila wiki mbili, dakika mbili, natoa. Ukiisahau unatoka na panja la urujuani, na kwa biashara yangu hilo silitaki.

15 Juni

Bandi ya pili, safari hii mlango nimeufunga kwa ufunguo. Kishungi kimoja, naruka vitatu, panjani na mbele tu. Utosini hapahitaji, panachanganyika penyewe. Kisogoni sigusi. Mchanganyiko ni uleule, hina moja kwa nili mbili, umepakwa ndani ya dakika kumi, umekaa dakika 40.

17 Juni

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu Januari. Ukinikaribia unaona nyeupe, kahawia na nyeusi. Ukirudi hatua tatu unaona mwanamke mwenye nywele. Mume wangu amenitazama kifunguakinywa kizima, mwishoni akauliza kama nimebadilisha miwani.

10 Agosti

Sentimita 6.0. Mkasi.

Nimekata mwenyewe, kavu, kishungi kwa kishungi, nimetoa sentimita 8 za weusi. Msusi alitaka nikate zote niwe huru. Nilikataa. Nikikata zote leo nabaki na nywele za kiganja, na uso wangu hauzitaki. Zaidi ya hapo, zile sentimita za weusi zilizobaki nchani zina kazi: kwenye nywele zinazojikunja, ncha nyeusi zinaingia ndani ya mviringo na kuwa kivuli cha mvi. Nikizilowesha na kuzivuta unauona mpaka wazi kabisa. Zikikauka na kujikunja, haupo. Wenye nywele za kunyooka hawana bahati hii, mstari wao unaning'inia wazi hadi siku ya kukatwa.

12 Oktoba

7.8. Hakuna jipya, ila nilizembea zambarau na umanjano umerudi kidogo. Nimekata sentimita 3 za weusi kisogoni.

9 Novemba

Wifi yangu kaja mbio. Ameona, ametaka, na amekwenda kwenye saluni moja mjini kuomba "kama za wifi". Wamempaka rangi ya fedha ya kichupa kichwa kizima juu ya piko. Haikushika popote isipokuwa kwenye mizizi, na sasa ana mkanda wa fedha wa sentimita mbili. Nilimkalisha, nikamweleza ile ya rangi mpya na rangi ya zamani, nikampa chai. Hana mzio wa PPD yeye, kwa hiyo njia zake ni nyingi kuliko zangu: anaweza kutafuta rangi nyepesi ya kati, ile isiyong'arisha na inayofifia kwa kuoshwa mara ishirini na ushee, akapaka vishungi vichache tu. Mimi siwezi. Nilimwambia pia apime kiwikoni kwanza. Miaka yangu kumi na moja ya salama anaijua.

28 Desemba

Mwaka kasoro siku mbili. Mizizi, kama bado ni haki kuiita mizizi: sentimita 9.9 panjani, yaani kama milimita 8 kwa mwezi. Nimekata weusi wa mwisho panjani na utosini. Kisogoni nimebakiza sentimita 2 kwa makusudi.

Nimehesabu tena mia mia. Panja 64, utosini 30, kisogoni 9. Mvi hazikukimbia nilivyoogopa. Zilikuwepo muda wote, zimepakwa tu.

Gharama zote, pamoja na nili iliyokufa na zambarau: elfu 71. Piko ya kichupa ingekuwa rahisi zaidi, nisimdanganye mtu.

Bandi inayofuata ni Februari, kishungi kimoja kwa kila vinne. Vicha vyangu sita havipo hapa, msusi kaviazima anawaonyesha wateja, na cha namba 2 nakihitaji. Mama ameona lile dhahabu la mkate wa kumimina, sasa analitaka panja moja tu, la kulia.